Mateka 195 wa Dhaka: kesi iliyotungiwa sheria lakini haikusikilizwa

Tarehe 17 Aprili 1973 serikali ya Bangladesh ilitangaza kwamba itawafungulia mashtaka mateka wa vita 195 wa jeshi la Pakistan, kwa makosa ya mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, ukiukaji wa Ibara ya 3 ya Mikataba ya Geneva, mauaji, ubakaji na uchomaji moto. Kesi ingesikilizwa Dhaka mbele ya mahakama maalumu yenye majaji wa hadhi ya Mahakama ya Juu, na ilitarajiwa kuanza kabla ya Mei kwisha. Haikupita hata miezi kumi na miwili, tarehe 9 Aprili 1974, serikali hiyo hiyo ikatia saini makubaliano ya kuwaachia wote 195 warudi kwao. Hakuna hata mmoja aliyesomewa mashtaka.

Aghalabu husemwa kuwa siasa ndizo zilizoishinda sheria. Hilo halina ubishi, lakini linaacha swali muhimu bila jibu: siasa zilipata wapi upenyo wa kuingia? Kwa maoni yangu upenyo huo ulikuwa katika mpangilio wa hatua. Washtakiwa walikuwa mikononi mwa dola moja na nia ya kuwashtaki ilikuwa ya dola nyingine, na kwa muda wote huo hapakuwa na hati ya mahakama, yenye jina la mtu na kosa lake, ambayo ingewazuia wakubwa kuwageuza washtakiwa kuwa bidhaa ya mazungumzo.

Chanzo cha vita kinajulikana. Pakistan iliyozaliwa mwaka 1947 ilikuwa na pande mbili zilizotenganishwa na zaidi ya kilometa 1,600 za ardhi ya India. Katika uchaguzi wa Desemba 1970 chama cha Awami League, kikiongozwa na Sheikh Mujibur Rahman, kilishinda viti 160 kati ya 162 vya upande wa mashariki, na hivyo kikawa na wingi wa kutosha kuunda serikali ya nchi nzima. Rais, Jenerali Yahya Khan, aliahirisha kikao cha bunge, na usiku wa tarehe 25 Machi 1971 jeshi likaingia mitaani Dhaka, likashambulia chuo kikuu, kambi za polisi na mitaa ya Wahindu. Uhuru wa upande wa mashariki, kwa jina la Bangladesh, ulitangazwa siku iliyofuata. Katika miezi tisa ya vita watu wapatao milioni 10 walikimbilia India. Kuhusu waliouawa, Bangladesh inashikilia idadi ya milioni 3, watafiti wengi wa nje wametaja malaki kadhaa, na tume ya uchunguzi ya Pakistan yenyewe iliegemea hesabu ya jeshi ya watu 26,000. Hata mtu akiichukua hesabu hiyo ya mwisho, iliyotolewa na upande unaotuhumiwa, bado kesi ya kusikilizwa ipo.

India iliingia vitani rasmi tarehe 3 Desemba 1971. Tarehe 16 Desemba Luteni Jenerali A. A. K. Niazi alisalimu amri katika uwanja wa Ramna, Dhaka, mbele ya Luteni Jenerali Jagjit Singh Aurora, aliyepokea kwa cheo cha kamanda wa majeshi ya India na ya Bangladesh katika medani ya mashariki. Hati ya kusalimu amri iliahidi kwamba waliojisalimisha watatendewa kwa mujibu wa Mikataba ya Geneva. Walikuwa watu wapatao 93,000, wakiwamo raia na familia za askari, nao walihamishiwa kambi zilizokuwa ndani ya India. Karibu mgogoro wote uliofuata ulitokana na uhamisho huo. Kwa maandishi, mateka walikuwa wa kamandi ya pamoja. Kwa hali halisi, walinzi wa kambi, chakula na funguo vilikuwa vya India, na mwenye kisu ndiye mlaji nyama.

Kabla ya kuingia katika sheria, inafaa kutazama ni nani alikamatwa na nani hakukamatwa. Jenerali Tikka Khan, aliyeongoza jeshi Dhaka usiku ule wa Machi, alikuwa ameshaondoka mashariki wakati wa kusalimu amri. Machi 1972 aliteuliwa kuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Pakistan. Yahya Khan alikuwa amewekwa kizuizini nyumbani kwake, huko huko Pakistan. Kesi inayoanzia kwenye orodha ya mateka huwapata waliokuwapo siku ya mwisho, na siku ya mwisho si lazima iwakute waliotoa amri siku ya kwanza. Niazi, na Meja Jenerali Rao Farman Ali ambaye alihusishwa na mauaji ya wasomi wa Dhaka ya katikati ya Desemba, walikuwa mkononi. Juu yao ngazi ilikuwa imekatika. Hii si hoja ya kuwaachia waliopatikana, ila inaonyesha kwamba kesi ya Dhaka, hata kama ingefanyika kikamilifu, ingesimuliwa bila watu wake wawili wa kwanza.

Je, mateka wa vita anaweza kushtakiwa?

Anaweza, na sheria ilikuwa wazi zaidi kuliko watetezi wa pande zote walivyotaka ionekane. Kuwa mateka humkinga askari asishtakiwe kwa kule kupigana tu. Hakumkingi kwa kuwaua raia au kubaka. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaohusu mateka wa vita, katika Ibara ya 85, unaeleza kwamba mateka anayeshtakiwa kwa matendo ya kabla ya kukamatwa hubaki na ulinzi wa mkataba hata akitiwa hatiani. Kanuni hiyo ilikuwa mpya. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Jenerali Yamashita wa Japani, iliamua kuwa ulinzi wa mkataba wa 1929 uliwahusu mateka kwa makosa waliyotenda wakiwa kizuizini tu, naye akanyongwa baada ya kuhukumiwa na tume ya kijeshi iliyolegeza kanuni za ushahidi. Waandishi wa Ibara ya 85 walikusudia kuziba tundu hilo.

Kwa hiyo swali halikuwa iwapo watu hawa walishtakika. Lilikuwa namna na mahali. Ibara ya 12 inaruhusu dola inayowashikilia mateka kuwakabidhi kwa dola nyingine iliyo mwanachama wa mkataba, yenye nia na uwezo wa kuutekeleza. Bangladesh ilijiunga na Mikataba ya Geneva tarehe 4 Aprili 1972, hivyo njia ya kukabidhiwa ilikuwa wazi kwa zaidi ya mwaka mzima kabla ya tangazo la 1973. Ibara ya 118 nayo inaamuru mateka warejeshwe makwao bila kuchelewa mara mapigano yanapokoma, na hapa Pakistan ilikuwa na haki ya kulalamika: mapigano yalikoma Desemba 1971, na katikati ya 1973 makumi ya maelfu ya askari ambao hakuna aliyewatuhumu chochote walikuwa bado kambini. India ilijibu kwamba amani haijathibitika na kwamba, kwa kuwa mateka walijisalimisha kwa kamandi ya pamoja, haiwezi kuwaachia bila ridhaa ya Dhaka. Jibu hilo lilifaa kwa miezi michache. Kwa mwaka na nusu lilikuwa kisingizio.

Njia pekee ya kukwepa agizo hilo inayotolewa na mkataba imo katika Ibara ya 119: mateka ambaye mashtaka ya jinai dhidi yake yanaendelea anaweza kuzuiwa mpaka kesi iishe na, ikibidi, mpaka amalize adhabu. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la Dhaka. Lau mwaka 1972 ingefungua mashtaka ya mtu mmoja mmoja, hata dhidi ya maafisa ishirini tu ambao ushahidi wao ulikuwa tayari, wale maelfu wengine wangeweza kurudi kwao na hao ishirini wangebaki kwa nguvu ya Ibara ya 119. Badala yake ilitangazwa idadi. Idadi si shtaka, na mtu anayezuiliwa kwa sababu yumo katika idadi hana tofauti kubwa na anayezuiliwa kwa sababu ana thamani sokoni.

Ugumu wa pili ulihusu aina ya makosa, na wengi wanaoandika juu ya kisa hiki huupita haraka. Mauaji mengi yalitokea kati ya Machi na Novemba 1971, kabla ya India kuingia rasmi, yaani katika kipindi ambacho kwa macho ya sheria ya wakati ule vita vilikuwa vya ndani ya Pakistan. Makosa makubwa yanayoilazimu kila dola kumtafuta mkosaji, kwa mujibu wa Ibara ya 129, yalihusu vita baina ya dola. Kwa vita vya ndani ilikuwapo Ibara ya 3 pekee, ambayo inakataza mauaji na mateso ya wasiopigana lakini haisemi lolote juu ya kumwadhibu mtu binafsi. Dhaka ilipoitaja Ibara ya 3 katika tangazo lake ilikuwa inatembea mahali ambapo njia haijachongwa. Hati ya kwanza ya kimataifa kuufanya ukiukaji wa ibara hiyo kuwa kosa la mtu binafsi ilikuja Novemba 1994, miaka 21 baadaye, nayo ni hati iliyounda mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha.

Uzito wa kesi basi ungeangukia mauaji ya kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu. Mkataba wa Mauaji ya Kimbari wa 1948 unalinda makundi ya kitaifa, kikabila, kirangi na kidini. Hauyalindi makundi ya kisiasa. Kumuua mtu kwa sababu ni mfuasi wa Awami League ni mauaji, tena ni uhalifu dhidi ya binadamu, lakini kuyaita ya kimbari kungehitaji kuthibitisha kwamba alilengwa kama Mbengali. Kwa Wahindu hali ilikuwa tofauti. Tume ya Kimataifa ya Wanasheria, katika ripoti yake ya 1972, iliona kuwa ushahidi wa awali wa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahindu wa Bengali ya Mashariki ulikuwa na nguvu. Mwendesha mashtaka makini angeanzia hapo, pengine kwa kijiji kimoja na kikosi kimoja. Mfano wa hukumu ya kufuata hakuwa nao, kwa sababu mahakama ya kimataifa haikuwa imewahi kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo. Ya kwanza ilitolewa Arusha tarehe 2 Septemba 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu.

Sheria iliyokuja baada ya tangazo

Mahakama ilitangazwa Aprili kwa kesi ya Mei, na sheria ya kuiunda ikapitishwa Julai. Tarehe 15 Julai 1973 bunge la Bangladesh lilifanya mabadiliko ya kwanza ya katiba mpya, yakiruhusu kutungwa sheria ya kuwashtaki na kuwaadhibu askari, wanamgambo na mateka wa vita kwa makosa ya kimataifa, huku yakiwaondolea watuhumiwa hao baadhi ya haki za msingi, ikiwamo kinga dhidi ya sheria inayorudi nyuma. Siku chache baadaye ikapita Sheria ya Mahakama za Uhalifu wa Kimataifa.

Hoja kwamba sheria ya Julai 1973 haiwezi kuhukumu matendo ya 1971 ndiyo dhaifu kuliko zote. Ibara ya 99 ya mkataba wa mateka inakataza kuadhibu tendo ambalo halikukatazwa na sheria ya dola inayomshikilia au na sheria ya kimataifa ya wakati huo, na kuua raia kwa makundi kulikuwa kumekatazwa tangu zamani. Pakistan yenyewe ilikuwa imeridhia Mkataba wa Mauaji ya Kimbari tangu 1957.

Hoja iliyo nzito ni ile ya Ibara ya 102: hukumu dhidi ya mateka ni halali pale tu inapotolewa na mahakama zile zile na kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa askari wa dola inayomshikilia. Sheria ya 1973 iliweka kando Sheria ya Ushahidi, ikaruhusu mahakama kupokea hata taarifa za magazeti, na adhabu ya juu ikawa kifo. Upande wa pili wa mizani, wapiganaji wa ukombozi walipewa kinga kwa matendo yao ya wakati wa vita. Siku mbili baada ya kusalimu amri, hapo hapo Dhaka, wapiganaji hao walikuwa wamewachoma singe hadharani watu waliotuhumiwa kuwa vibaraka, mbele ya wapigapicha wa kigeni ambao picha zao zilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 1972. Na Wabihari wengi, Waislamu wasemao Kiurdu waliotuhumiwa kuwa upande wa Pakistan, waliuawa bila mtu kuulizwa. Ukubwa wa makosa ya pande hizi mbili haulingani hata kidogo, wala simaanishi kuulinganisha. Lakini mtetezi wa Niazi asingehitaji kutafuta mbali hoja ya kwamba mteja wake anahukumiwa kwa utaratibu ambao askari wa mshindi hataonja.

The Hague, na haraka ya kuondoka huko

Tarehe 11 Mei 1973 Pakistan iliishtaki India katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliyoko The Hague, ikitaka India izuiwe kuwakabidhi wale 195 kwa Bangladesh. Ilitegemea Ibara ya VI ya Mkataba wa Mauaji ya Kimbari, isemayo kuwa mtuhumiwa atahukumiwa na mahakama ya dola ambayo tendo lilitendeka katika ardhi yake. Mwaka 1971, ilisema Pakistan, ardhi hiyo ilikuwa yetu. Hoja ni ya werevu, lakini ina mtego ndani yake: kwa kusimama juu ya Ibara ya VI, Pakistan ilijiweka chini ya mkataba unaoiamuru kuwaadhibu watu hao hao. Tayari mwezi Aprili ilikuwa imesema kwamba iko tayari kuunda mahakama yake yenyewe, ya kuaminika kimataifa, iwahukumu.

India haikufika mahakamani. Ilipojiunga na mkataba huo iliweka sharti kwamba shauri lolote dhidi yake lipate kwanza ridhaa yake, na ridhaa haikuitoa. Tarehe 13 Julai mahakama iliamua, kwa kura 8 dhidi ya 4, kwamba suala la mamlaka yake lijadiliwe kwanza kwa maandishi. Desemba Pakistan iliondoa shauri kwa sababu mazungumzo yalikuwa yanaendelea vizuri, na tarehe 15 Desemba likafutwa kwenye orodha.

Biashara yenyewe

Katika mkutano wa India na Pakistan uliofanyika Simla Julai 1972, Rais wa Pakistan, Zulfikar Ali Bhutto, alirudi na ardhi iliyotekwa upande wa magharibi, kilometa za mraba kama 13,000, bila mateka. Mateka wanaolishwa na India kwa gharama ya India na aibu ya India wangeweza kusubiri. Kwa upande wake alikuwa na malaki ya Wabengali waliokwama Pakistan, wakiwamo watumishi wa serikali na wanajeshi, na alitishia kuwafungulia mashtaka kama 200 miongoni mwao iwapo Dhaka ingeendelea na kesi yake. Tarehe 25 Agosti 1972 China ilikuwa imetumia kura ya turufu kuizuia Bangladesh kuingia Umoja wa Mataifa, na suala la mateka lilikuwa katikati ya sababu zake. Hivyo dola changa, yenye njaa na madaraja yaliyovunjwa, iliona kila mlango inaoubisha ukifunguliwa kwa ufunguo ule ule wa wale 195.

Makubaliano ya Delhi ya tarehe 28 Agosti 1973 yaliwatenga hao na maelfu wengine: mateka wote warudi Pakistan, Wabengali warudi Bangladesh, na wale 195 wabaki India bila kushtakiwa wakati urejeshaji unaendelea, hatima yao ijadiliwe baadaye na nchi tatu. Naiona siku hiyo kuwa ndiyo siku kesi ilipokufa. Bangladesh ilikubali kusimamisha mashtaka ambayo haikuwa imeyafungua, na kuyaweka mikononi mwa mkutano wa mawaziri. Yaliyofuata yalikuwa taratibu za mazishi. Tarehe 22 Februari 1974, mkutano wa wakuu wa nchi za Kiislamu ulipofunguliwa Lahore, Pakistan iliitambua Bangladesh, na Sheikh Mujibur Rahman, sasa kiongozi wa Bangladesh, akaenda kuhudhuria. Tarehe 9 Aprili, huko Delhi, Kamal Hossain wa Bangladesh, Swaran Singh wa India na Aziz Ahmed wa Pakistan walitia saini makubaliano ya nchi tatu.

Maneno ya hati hiyo yanastahili kusomwa polepole. Bangladesh ilieleza kwamba matendo ya mateka hao yalikuwa uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu na mauaji ya kimbari. Pakistan ililaani na kusikitikia sana uhalifu wowote ambao huenda ulitendeka. Hilo neno "huenda" ndilo lililonunua saini ya Islamabad. Kisha Bangladesh ikasema kuwa kwa huruma haitaendelea na kesi. Mwishoni mwa Aprili 1974 Niazi alivuka mpaka. Septemba mwaka huo Bangladesh ikapata kiti chake Umoja wa Mataifa.

Siwezi kumlaumu kwa urahisi aliyetia saini. Malaki ya watu walirudi nyumbani kwa sababu ya mapatano hayo, na kumwambia mama aliyekwama Karachi na wanawe asubiri mpaka rufaa ya mwisho ya jenerali isikilizwe si jambo la haki pia. Ninacholaumu ni ile miezi kumi na sita ya mwanzo, kati ya Desemba 1971 na Aprili 1973, ambapo ushahidi ulikuwa mbichi, mashahidi walikuwa hai, na hapakutolewa hata hati moja ya mashtaka dhidi ya afisa mmoja. Kwa vibaraka wa ndani agizo maalumu lilitoka mapema, tarehe 24 Januari 1972, na maelfu walikamatwa. Dhaka ilijua namna ya kufungua mashtaka pale washtakiwa walipokuwa katika jela zake.

Ndiyo maana sheria iliyotungwa kwa ajili ya askari wa Pakistan iliishia kuwahukumu watu wengine. Ilifanyiwa marekebisho mwaka 2009 ili imfikie mtu binafsi asiye askari, mahakama ikaundwa Machi 2010, na wa kwanza kunyongwa, Abdul Quader Mollah, tarehe 12 Desemba 2013, alikuwa mwanasiasa wa chama cha Jamaat-e-Islami cha Bangladesh. Upande wa Pakistan, tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Hamoodur Rahman ilipendekeza maafisa wakuu wafikishwe mahakama ya kijeshi na tuhuma za ukatili zichunguzwe ipasavyo. Ripoti yake ilifichwa mpaka mwisho wa mwaka 2000. Niazi alivuliwa marupurupu ya ustaafu kwa sababu ya kushindwa vita, akafariki 2004.

Linabaki swali la kisheria la kilichosamehewa Delhi. Huruma iliyotangazwa ilikuwa uamuzi wa Bangladesh kuhusu kesi ya Bangladesh. Mkataba wa Mauaji ya Kimbari haujampa mtu yeyote uwezo wa kumwondolea Pakistan wajibu wa kuwaadhibu watu wake, na Ibara ya 131 ya mkataba wa mateka inakataza dola kujisamehe au kuisamehe dola nyingine dhima inayotokana na makosa makubwa ya vita. Pakistan iliyodai mbele ya majaji wa The Hague kwamba haki ya kuwahukumu wale 195 ni yake peke yake iliwapokea wote, na haikumfikisha hata mmoja wao kizimbani kwa yale yaliyotendewa raia wa mashariki.